Picha 120 kwa Sekunde: Nani Anachagua?

Leo tuongee kuhusu kasi. Si kasi ya intaneti, hiyo tumeipigia kelele vya kutosha. Ni kasi ya kamera kupiga picha mfululizo: unabonyeza kitufe, unakishikilia, na kamera inafyatua picha moja baada ya nyingine kama cherehani mpaka uachilie, au mpaka ichoke yenyewe.

Novemba 2023 Sony walitangaza kamera iitwayo A9 III. Inapiga picha 120 kwa sekunde, kila moja ikiwa na megapikseli 24 na ushee, na bei yake ilikuwa takriban dola 6,000 bila lenzi. Wengi waliisoma habari ile wakaishia kwenye hiyo 120. Mimi nasema namba hiyo si habari kubwa. Habari kubwa ni kwamba kazi ya kuchagua imehama kutoka kidole cha mpiga picha ikaenda mezani, mbele ya tarakilishi, na hatujajiuliza vya kutosha nani ameketi pale mezani.

Historia kidogo kwanza. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi huko Palo Alto, California. Farasi alipopita alikata nyuzi, na kila kamera ikafyatuka kwa zamu. Swali lilikuwa moja tu: farasi akitimua mbio, kuna wakati miguu yote minne iko hewani? Jibu ni ndiyo, na jicho la binadamu lisingeweza kulitoa. Ruka hadi 2008: Casio walileta Exilim EX-F1, kamera ya takriban dola 1,000 iliyopiga picha 60 kwa sekunde zenye megapikseli 6. Nikon D3, kamera ya wanahabari wakubwa wa wakati ule, ilipiga 9. Casio waliacha kutengeneza kamera hizo ndogo mwaka 2018, lakini wazo lao limebaki na limekua.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo tangazo na ukweli huachana. Faili ghafi la megapikseli 24, kila pikseli biti 14, ni kama megabaiti 42 kabla ya kubanwa. Zidisha kwa 120 upate gigabaiti 5 kila sekunde! Kadi ya CFexpress aina ya A, ambayo ndiyo inayoingia kwenye kamera hiyo, kwa toleo lake la 2.0 kikomo chake cha kinadharia ni gigabaiti 1 kwa sekunde. Hata ukibana faili, maji yanayoingia ni mengi kuliko yanayotoka. Kwa hivyo kuna bafa katikati, kama lile tangi jeusi la maji juu ya paa: linapokea kwa nguvu, linatoa kwa bomba jembamba. Bafa ya A9 III inabeba picha 192 hivi. Gawanya kwa 120: sekunde 1.6. Baada ya hapo kasi inashuka.

Kwa hiyo ukiingia duka la kamera hapa Nairobi, usiulize tu "ngapi kwa sekunde?" Uliza "kwa sekunde ngapi?" na "inachukua muda gani kumaliza kuandika kwenye kadi?" Muuzaji akikukodolea macho, ujue umeuliza swali zuri.

Je, kasi hii ina faida? Naam, na sitaki mtu aseme nimeikataa teknolojia. Chukua Ferdinand Omanyala pale Kasarani, Septemba 2021, mita 100 kwa sekunde 9.77. Kwa wastani anakwenda mita 10.2 kila sekunde. Kamera ya picha 3 kwa sekunde inamkuta kila baada ya mita 3.4. Ya picha 9 inamkuta kila baada ya mita 1.1. Ya picha 120 inamkuta kila baada ya sentimita 8.5. Kifua kikigusa utepe, hutakikosa kwa mbali.

Lakini hata hapo usidanganyike kwamba umekamata kila kitu. Agosti 2024 jijini Paris, Noah Lyles wa Marekani alimshinda Kishane Thompson wa Jamaika kwa 9.784 dhidi ya 9.789. Tofauti ni milisekunde 5. Kati ya picha na picha ya kamera ya 120 kuna milisekunde 8.3. Maana yake ushindi wa dhahabu ya Olimpiki ungeweza kuingia wote kwenye pengo kati ya picha mbili! Ndiyo sababu waamuzi hutumia kamera ya aina nyingine kabisa, inayoangalia mstari mwembamba wa kumalizia tu. Ile ya Omega iliyotumika Paris inasoma mstari huo hadi mara 40,000 kwa sekunde.

Kinachonifurahisha mimi kama mwandishi wa programu si kasi bali hila ya kurudi nyuma. Kamera kama hii, ukiiruhusu, inapiga na kufuta kimyakimya muda wote ukiwa umebonyeza kitufe nusu. Ukimalizia kubonyeza, inahifadhi hadi sekunde nzima iliyopita. Kwa sisi wa programu hiyo ni bafa ya mviringo, somo la mwaka wa kwanza au wa pili chuoni. Kwa mtu anayemsubiri mdiria arushe mwili majini kule Naivasha, ni kama muujiza, maana kidole cha binadamu huchelewa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa kasi ya 120 hizo ni picha 24 zilizokwisha kupita.

Na usifikiri haya ni ya matajiri peke yao. Simu yako pia inapiga mfululizo bila kukuambia. Tangu Nexus 5 mwaka 2013, Google wametumia mbinu ya kupiga picha kadhaa za giza kidogo, kuzilinganisha na kuziunganisha kuwa moja. Ukichukua wastani wa picha 9, chengachenga hupungua hadi theluthi moja. Hiyo ni hisabati ya kipeo cha pili, si uchawi. Picha ya usiku ya simu ya bei nafuu inasomeka leo kwa sababu ya mfululizo. Faida hiyo imefikia watu wengi kuliko kamera yoyote ya dola 6,000.

Sasa nirudi pale mezani. Tuseme mpiga picha wa harusi anabonyeza mara 150 siku nzima, kila mara sekunde mbili, kwa picha 20 kwa sekunde. Hizo ni picha 6,000. Akitazama kila moja kwa sekunde tatu tu, ametumia saa tano, na hakuna bwana harusi anayelipia saa hizo. Atafanya nini? Atanunua programu ya kumchagulia. Nazo programu hizo hutafuta nini? Ukali wa picha, macho yaliyofunguka, tabasamu. Vizuri kwa harusi. Na kwa matanga je? Programu itamtupa mama anayelia akiwa amefumba macho, imhifadhi jirani aliyetabasamu. Haijakosea, imefanya ilivyoagizwa. Aliyeiagiza hakuwa na msiba wetu akilini.

Kuna linalonitisha zaidi. Kupepesa jicho huchukua milisekunde 100 hadi 400. Kwa kasi ya 120 hizo ni picha 12 hadi 48 ambazo mtu ana macho nusu, mdomo umepinda, sura ya mlevi. Hakuna aliyekuwepo pale aliyeiona sura ile. Lakini ipo, haikuchezewa hata pikseli moja, na mhariri mwenye chuki na mwanasiasa fulani anaweza kuichapisha akiapa kwamba ni picha halisi. Na kweli ni halisi! Uongo uko kwenye kuchagua.

Mtu ataniambia: wapiga picha wamechagua tangu enzi za filamu. Kweli. Lakini filamu ilikuwa na picha 36, na kila moja ilitoka kwa kidole kilichoamua. Kwa kasi ya 120, filamu nzima ingekwisha kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Anayechagua mezani leo ana sura nyingi mno za kuchezea. Na wengine hawachagui tena, wanashona: tangu Pixel 8 mwaka 2023, simu inaweza kuchukua uso mzuri wa kila mtu kutoka picha tofauti za kikundi na kuziweka kwenye picha moja. Familia yote inatabasamu kwa wakati ambao haukuwahi kuwepo. Kwa albamu ya nyumbani sina ugomvi. Kwa gazeti au mahakama nina ugomvi mkubwa.

Suluhisho si kupunguza kasi. Mfululizo huohuo unaodanganya ndio unaoweza kusema kweli, mradi usikatwe. Fikiria maandamano kama yale ya tarehe 25 Juni 2024 jijini Nairobi. Picha moja inaonyesha kijana ameinua mkono. Anarusha jiwe, anajikinga, au anasalimu amri? Sekunde moja kabla na sekunde moja baada zinajibu.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Wapiga picha wa habari, msifute majirani wa picha mliyoichapisha. Diski ni rahisi kuliko heshima ya mtu. Wahariri, mnapoletewa sura ya ajabu ya mtu, ombeni kuona mfululizo mzima kabla ya kuipeleka ukurasa wa kwanza. Na sisi waandishi wa programu, tusiifanye ile "bora" tuliyoichagua iwe picha pekee inayobaki: tuache alama ya saa, tuache zilizo kabla na baada, na picha iliyoshonwa ijulikane kuwa imeshonwa.

Kasi tunayo tayari. Kilichobaki ni uaminifu, na huo hauuzwi pamoja na kamera.