Usimpime Mtoto kwa Ulimi wa Dada Yake

Pana swali ambalo wazazi wa mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Umoja, huulizana kila siku kwenye ngazi za nyumba za orofa na penye kamba za kuanikia nguo: "Wako ameanza kusema?" Swali lenyewe halina ubaya. Ubaya huingia pale jibu linapogeuzwa kuwa mizani, mtoto wa pili akapimwa kwa wa kwanza, na wa jirani akapimwa kwa wote wawili. Kazi yangu ni isimu na makazi yangu ni mitaa hiyo hiyo, kwa hiyo nina neno kwa wazazi, na hasa kwa walimu wa chekechea, kuhusu mizani hiyo.

Tuanze na miguu kabla ya ulimi. Mnamo mwaka 1976 mtafiti Mmarekani, Charles Super, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet, magharibi mwa Kenya. Watoto wa huko walikaa na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, kwa takriban mwezi mmoja. Walikuwapo wataalamu waliodai kwamba Mwafrika huzaliwa na wepesi wa viungo. Super aliona jambo la kawaida zaidi: akina mama wa Kokwet waliwafundisha watoto wao kukaa na kutembea, tena kwa makusudi. Yale ambayo hawakuyafundisha hayakuja mapema. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika vipimo lilivyotoa mwaka 2006 baada ya kuwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilionyesha kwamba mtoto mwenye afya njema huanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8.2 na miezi 17.6. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya miezi tisa, na wachache wao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti.

Ikiwa miguu, ambayo kazi yake ni moja dunia nzima, imepewa nafasi pana namna hiyo, ulimi je, ambao kazi yake hubadilika mlango kwa mlango?

Nyumbani kwangu wamo binti na mvulana waliopishana kwa miaka miwili. Binti alipanga sentensi kabla ya kutimiza miaka miwili, ingawa alichelewa kutembea. Mvulana alitembea akiwa na miezi kumi, akapanda ngazi, akapanda meza, akapanda kila kilichopandika. Lakini alipofikisha miaka miwili na nusu alikuwa bado mtu wa kuonyesha kwa kidole. Mwalimu mmoja wa chekechea alimhesabia maneno tisa ya Kiingereza, akatushauri tuache kumchanganya mtoto kwa lugha za nyumbani. Usiku ule mimi na mke wangu tulikaa na kalamu. Maji aliyaita "pi" na uji "nyuka", kama nyanya yake mzaa baba. Mbwa alikuwa "ngiti", kama asemavyo mama yake Mkamba. Gari lilikuwa gari, na viatu vilikuwa viatu. Tulipita maneno mia moja kabla ya usingizi kutushinda. Mwalimu alikuwa amehesabu mfuko mmoja kati ya minne.

Wala ushauri ule si wa mwalimu yule peke yake. Umeenea mjini kama ule wa kumkataza mtoto kutumia mkono wa kushoto, na hauna msingi bora kuliko huo. Mtoto anayelelewa kwa lugha kadhaa hupitia hatua zile zile, katika umri ule ule. Akiba yake ya maneno imegawanyika tu. Ukiifunga lugha ya nyanya, utakuwa umemwondolea mtu wa kuzungumza naye mchana kutwa.

Hatua zenyewe nazo hufuata lugha. Kamil Deen aliwachunguza watoto wanne wa Nairobi wakijifunza Kiswahili, na kitabu chake kilitoka mwaka 2005. Aliona kwamba watoto wadogo huangusha viambishi vya nafsi na vya njeo, wakasema "taka" na "anguka", lakini ni nadra mtoto kuweka kiambishi kisichostahili. Huko Lesotho, Katherine Demuth alionyesha mwaka 1989 kwamba watoto hutumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka mitatu, jambo ambalo wachunguzi wa Kiingereza walilidhania kuwa la umri mkubwa zaidi. Orodha ya hatua iliyotungwa kwa Kiingereza haiwezi kumtosha mtoto wa Makadara.

Hapa pana jambo linalowahusu walimu moja kwa moja. Mtoto wa miaka mitano kutoka Jericho akisema "viatu yangu", wengi humwona kuwa amechelewa. Hajachelewa hata kidogo. Amejifunza barabara sarufi ya mtaa wake, ambamo kaka, konda na muuza mboga husema vivyo hivyo. Angesema "angu viatu", hapo ningeshtuka. "Viatu vyangu" ni somo la kufundishwa darasani, nami ni wa kwanza kutaka lifundishwe vyema. Lakini kufundisha Kiswahili sanifu ni kazi moja, na kutibu ulimi mzito ni kazi nyingine.

Nisieleweke kuwa nasema kila anayekawia aachwe. Wako wanaohitaji msaada, na maneno ya "hata baba yake alichelewa" yamewapotezea wengi miaka ya thamani. Mtoto asiyegeuka aitwapo jina, asiyeonyesha kitu kwa kidole kufikia mwaka mmoja na nusu, asiye na neno katika lugha yoyote kufikia miaka miwili, au aliyekuwa na maneno kisha yakampotea, huyo apelekwe akapimwe, na masikio yawe ya kwanza. Nchini Kenya vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianza mwaka 1984, na mzazi hahitaji kungoja barua ya shule ndipo akaulize kilipo cha karibu naye.

Tazama kwamba katika dalili hizo zote dada hamo, na Kiingereza hakimo. Mwalimu anayempokea mtoto mgeni ana maswali mawili ya kumwuliza mzazi: mtoto huyu hushinda na nani mchana, na mtu huyo humsemesha kwa lugha gani? Akishapata majibu, ndipo aanze kuhesabu maneno.