Waya uliokatika na amana niliyoiahirisha



Ndugu msomaji, msikiti wetu una mashine ya kukatia nyasi, ya aina ile anayoiketia dereva kama trekta dogo. Ni wakfu. Aliyeitoa alikusudia uwanja wa kuswalia Idi, ambao siku nyingine watoto wa madrasa huuchezea, usigeuke kichaka. Leo naandika juu ya waya mmoja wa mashine hiyo, na juu ya kosa ambalo ni langu.

Mwanzoni mwa Ramadhani, kijana anayeiendesha alinieleza kuwa waya unaotoka kwenye kanyagio la mwendo kwenda giaboksi umeanza kuchakaa. Nilimshukuru, nikaliandika jambo lake chini ya "Mengineyo". Aliyewahi kuketi katika kamati anajua yanayoyapata Mengineyo: huadhiniwa kabla hayajafikiwa.

Waya ukakatika. Injini iliunguruma, visu vilizunguka, lakini mashine haikusogea. Kwa kuwa Idi ilikuwa mlangoni, niliridhia kijana aunge kwa waya wa kufungia nondo. Mashine ikatembea. Lakini alipoinua mguu, ule waya mgumu ulinasa, nayo ikaendelea kwenda hadi ilipozuiwa na ukuta wa madrasa. Watoto walikuwa ndani wakisoma. Alhamdulillahi, hakuna aliyedhurika. Lau ingekuwa saa ya mapumziko, ningejibu nini mbele ya wazazi, na mbele ya Mola?

Mzee mmoja jirani yetu, fundi baiskeli wa siku nyingi, alikuja kutusaidia. Nilimwamkia, akaitika, kisha akauliza: "Katibu, breki ya baiskeli ya mwanao ungeiunga kwa waya wa nondo?" Sikuwa na jibu.

Alianza na usalama. Mashine iliwekwa mahali tambarare, ikaachwa ipoe, ufunguo ukachomolewa, magurudumu yakazuiwa kwa mawe, na waya wa plagi ukatolewa ili injini isiweze kuwaka. Kabla ya kuutoa waya wa zamani, alitutaka tupige picha njia yake yote: unapopita, unaposhikiliwa, na springi imenasa tundu lipi. Kisha tukaulaza kando ya mpya. Urefu wa ganda la nje sharti ulingane, na wa waya wa ndani, na vichwa vyake. Huo mpya tukaupitisha njia ileile, mbali na mikanda na bomba la moshi, bila kuukunja kwa ukali, kwani kwenye kona kali ndipo nyuzi zake hukatika mmoja mmoja.

Mwisho ni kurekebisha nati. Waya ukikazwa mno, mashine hutaka kwenda hata isipokanyagwa, ukilegea, haivuti. Alikanyaga na kuachia mara nyingi, injini ikiwa imezimwa, mpaka akaridhika kuwa kanyagio linarudi lenyewe. Ndipo tukaijaribu uwanjani, pasipo na mtu. Alipoinua mguu, ikasimama. Kazi nzima ilianza baada ya Adhuhuri, na Alasiri ilitukuta tumekwisha nawa mikono.

Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Kwa miaka mingi nilidhani amana ya katibu ni fedha za sanduku na daftari la kumbukumbu. Sasa najua kuwa neno la kijana anayesema "kuna kitu kinachakaa" nalo ni amana, na mimi sikulifikisha. Nimemwomba radhi mbele ya kamati, na taarifa ya vifaa sasa husomwa mara tu baada ya dua ya ufunguzi.

Nyumbani kwako pia, mke akisema mpira wa jiko la gesi umeanza kupasuka, au mtoto akisema breki haishiki, usimwambie "tutaangalia". Inuka uangalie.

Wabillahi tawfiq.