Muda wa Magari ya Walemavu



Katika Uingereza upo mpango uitwao Motability, ulioanzishwa mwaka 1977. Mlemavu apataye posho ya safari kwa Serikali huitoa posho hiyo, naye hukodishiwa gari, kwa kawaida miaka 3, bima na matengenezo yakiwa ndani yake. Muda ukiisha hulirudisha na kuchukua jingine. Mpango mzuri, wala hatuoni haya kuusifu.

Lakini twauliza juu ya kuongeza muda. Baada ya Korona, mwaka 2021 na 2022, viwanda vilikosa vile vipande vidogo vya umeme viitwavyo chipu. Magari mapya yakachelewa, na wengi wakaongezewa muda na magari ya zamani. Kumbe nyongeza yawezekana! Basi isitolewe inapowafaa wenye magari tu, na kunyimwa inapomfaa dereva.

Sisi wa reli twajua mambo haya. Mwenzetu aliyekatwa mguu yadini hawezi kurukia gari lolote: breki na mafuta huendeshwa kwa mkono, kiti hupimwa, naye hujifunza upya. Kumwambia arudishe gari kabla jipya halijawa tayari ni kumfungia nyumbani. Na kazi je?

Masharti ya mapatano hayabadilishwi na upande mmoja. Muda ukipunguzwa au ukizidishwa, waitwe walemavu wenyewe mezani, wapewe barua miezi kadhaa mbele, tena mtu asirudishe ufunguo kabla hajakabidhiwa mwingine.