Kalamu Haitoharishi Najisi: Wahasibu wa Handeni na Korogwe Wafundwe



Ndugu zetu katika imani, neno "kutakasa" ni neno tukufu. Tunatakasa miili yetu kabla ya swala, tunatakasa nguo na mahali pa kusujudia, na mali ya halali huitakasa mwenyewe kwa kuitolea zaka. Inasikitisha kuona kwamba neno hilo hilo leo linatumika kuutaja uovu mkubwa: utakasishaji wa fedha haramu. Wanavyuoni wametufundisha kwamba mali iliyopatikana kwa dhulma haitakasiki kwa zaka wala kwa sadaka. Haki yake ni kurejeshwa kwa aliyedhulumiwa. Itatakasika vipi basi kwa kuandikwa tu katika daftari?

Jambo lenyewe ni hili. Mwenye fedha ya rushwa, ya wizi au ya dawa za kulevya huogopa kuulizwa alikoipata. Kwa hiyo huiingiza kidogo kidogo katika biashara au akaunti, kisha huizungusha huku na huko mpaka asili yake ipotee, na mwisho huitoa ikiwa na jina jipya: faida, mkopo au mauzo. Katika hatua zote hizo hakosekani mtu wa kushika kalamu. Mtu huyo ni mhasibu.

Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka wa fedha 2005/2006, makampuni 22 yalilipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya madeni ya nje, EPA, iliyokuwa Benki Kuu. Wadai walijitokeza na makaratasi ya kuonesha kwamba wamerithishwa madeni ya wafanyabiashara wa nchi za nje, na mengi ya makaratasi hayo yalikuwa ya kughushi. Kilichofichua jambo hili ni ukaguzi wa hesabu, ambao matokeo yake yalitangazwa Januari 2008. Tazameni, fedha zilitoka kwa karatasi na saini, na zikagunduliwa kwa mtu aliyekaa chini akasoma karatasi hizo na kuuliza.

Wapo watakaosema: hayo ni mambo ya Benki Kuu na Dar es Salaam, sisi wa Handeni na Korogwe yanatuhusu nini? Tunawajibu kwamba yanatuhusu sana. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hugawanyika pale Segera, mmoja ukaelekea Tanga mjini na mwingine ukapita Korogwe na Mombo kuelekea Moshi na Arusha. Handeni ina dhahabu ya wachimbaji wadogo, kama ile ya Magambazi. Korogwe ina vito vya Kalalani. Tuna minada ya ng'ombe, tuna mahindi, na sehemu kubwa ya biashara hizi bado huendeshwa kwa fedha taslimu. Na mkoa wetu una pwani ambayo wauza sumu wameijua: mwezi Machi 2010 ilikamatwa mkoani Tanga heroini ya takriban kilo 95. Fedha ya biashara kama ile haikai baharini. Hutafuta duka, gari la mizigo, nyumba ya wageni, shamba, au chama cha kuweka na kukopa.

Serikali ilitunga Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu mwaka 2006, na kikaundwa kitengo cha kupokea taarifa za miamala yenye shaka. Sheria hiyo imemtaja mhasibu miongoni mwa watu wanaopaswa kutoa taarifa, tena ndani ya saa 24 tangu shaka iingie, na imemkataza kumdokeza mteja kwamba ameripotiwa. Oktoba 2022 nchi yetu iliingizwa katika orodha ya kijivu ya shirika la kimataifa la FATF kwa sababu ya udhaifu katika kuitekeleza kazi hii, na ikaondolewa Juni 2025. Tunashukuru. Lakini kutoka katika orodha si kumaliza kazi.

Hapa ndipo lilipo neno letu. Katika wilaya zetu, wengi wanaoandika hesabu si wahasibu waliosajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Ni vijana waliomaliza kidato cha nne, ni makarani wa vyama vya ushirika, ni binti wa mwenye duka. Hakuna aliyewafundisha kwamba duka linaloandika mauzo ya magunia mia mbili ilhali ghala lilipokea themanini linaficha jambo. Hakuna aliyewaambia kwamba mkopo wa miaka miwili unaolipwa kwa noti mwezi wa pili unastahili kuulizwa, au kwamba mtu anayeweka fedha mara tano kwa siku moja, kila mara kiasi kidogo, huenda anakwepa kuonekana. Wao huandika walichoambiwa. Siku mambo yanapoharibika, tajiri huwa amekwishaondoka, na saini iliyobaki kwenye karatasi ni ya karani. Tukumbuke kwamba kosa hili limehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana. Kijana asiyejua alichokiandika anaweza kukaa mahabusu muda mrefu kabla kesi yake haijasikilizwa. Elimu hii basi ni ngao ya asiye na hatia kabla ya kuwa mtego wa mhalifu.

Tunatoa wito kwa Bodi na kwa kitengo husika: mafunzo yaletwe Handeni na Korogwe, yatolewe kwa Kiswahili, na wayapate makarani wa vyama vya akiba, wa minada na wa wanunuzi wa madini. Na anayetoa taarifa kwa nia njema alindwe kwa vitendo, kwani katika mji mdogo kila mtu anamjua mwenzake.

Nasi tusijisahau. Misikiti na madrasa zetu hupokea michango. Akija mtu na fedha nyingi za ujenzi, asiyetaka risiti, kisha baada ya wiki akaomba arejeshewe sehemu yake kwa hundi, mweka hazina ajue kwamba msikiti unatumiwa kama dobi. Kila msikiti uwe na daftari, risiti, na mtu wa pili wa kukagua. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mola wetu ameamrisha deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Uandishi wa hesabu ni amana, na mwenye amana ataulizwa, kwanza hapa duniani na kisha mbele ya Yule asiyehitaji daftari letu.