Orodha ya Kaya, Orodha ya Watoto



Juma hili kiongozi mmoja wa jumuiya ndogo ndogo aliniletea orodha ya kaya zinazohitaji msaada. Kaya kumi na moja, zimeandikwa kwa mwandiko safi. Nikamwuliza: "Humu mna watoto wangapi?" Akanijibu kwa unyenyekevu: "Baba Paroko, sisi tuliandika kaya tu."

Simlaumu. Hata Taifa letu kwa sehemu kubwa huhesabu hivyo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama shilingi 1,650 kwa siku. Asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari huo. Ili kuwapata, wataalamu hujumlisha matumizi ya kaya nzima, kisha huyagawanya kwa waliomo, mtoto akihesabiwa kuwa sehemu tu ya mtu mzima. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kilichoingia nyumbani kimemfikia kila mmoja kwa haki. Sisi tunaosuluhisha magomvi ya ndoa tunajua yaliyomo. Fedha ya kahawa huweza kuishia kilabuni kabla haijafika jikoni, na aliyekwisha kuuza butura, kahawa ikiwa bado mtini, msimu ukifika hana cha kugawa.

Mwaka 2016 Ofisi hiyo hiyo pamoja na UNICEF walitoa taarifa iliyomtazama mtoto mwenyewe: lishe yake, afya, shule, maji, choo, makazi, ulinzi. Kwa kipimo cha fedha, watoto 29 katika kila 100 walikuwa maskini. Kwa kipimo cha mtoto mwenyewe, walikuwa 74. Tafadhali rudieni kuzisoma namba hizo mbili polepole. Wengi wa watoto hao wamo katika nyumba ambazo kwa daftari la kaya hazina shida.

Wala tusidhani ni habari za mikoa ya ukame. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika Kagera, mkoa wenye migomba na maharage, takriban watoto 42 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 34. Nafuu ipo, tumshukuru Mungu, lakini theluthi nzima ya watoto wetu si jambo la kufurahia.

Wapo wanaosema takwimu hizi ni za kupikwa. Sikubaliani nao. Watafiti hawawezi kufika kila kijiji, kwa hiyo huoanisha kaya chache walizozihoji kwa kina na majibu ya sensa kuhusu paa, maji na elimu, wakapata makadirio ya kila wilaya. Ramani ya namna hiyo ilitolewa mwaka 2005, Kyerwa ikiwa bado ndani ya Karagwe. Makadirio hayo yanafaa kabisa kuamua wilaya ipi ipate fungu kubwa zaidi. Hayafai kuamua mtoto yupi apewe sare. Niliwahi kuiongoza kamati ya misaada katika kituo changu cha awali, nasi tukaiondoa nyumba moja kwa sababu ilikuwa na bati jipya. Ndani yake aliishi binti yatima aliyeletwa na shangazi yake, na hakuwa amekanyaga shule kwa mwaka mzima. Kosa hilo lilikuwa langu.

Kagera yetu imewahi kuifundisha dunia katika jambo hili. Kati ya mwaka 1991 na 1994, UKIMWI ukiteketeza familia zetu, watafiti wa Benki ya Dunia na wa Muhimbili walihoji kaya zaidi ya 900 mkoani humu. Mwaka 2004 na 2010 watu hao walitafutwa tena, mmoja mmoja, hata waliohamia Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Ikabainika kwamba mtoto aliyefiwa na mama alikua akiwa amepoteza kwa wastani karibu mwaka mmoja wa masomo na sentimita mbili za kimo. Wangerudi kuuliza kaya tu, wasingeyajua hayo, maana kaya nyingi zilikuwa zimevunjika na watoto wametawanywa kwa ndugu.

Basi ile orodha nimeirudisha. Nimemwomba kiongozi wetu aandike jina la kila mtoto, umri wake, analala kwa nani, yuko darasa la ngapi, na jana jioni alikula nini. Kila nyumba ya jumuiya iulizwe, hata yenye bati, hata ya katekista, hata ya mwenyekiti wa kijiji. Jumuiya nyingine nazo zifanye vivyo hivyo kabla shule hazijafunguliwa Januari. Karatasi hizo zikabidhiwe kwangu mkononi. Hazitasomwa kanisani.