Jibu la "Hapana" na Kijaluba cha Tambuu



Majuzi tulimsindikiza shangazi yetu kliniki. Hakuwa mgonjwa, ulikuwa uchunguzi wa kawaida wa afya. Muuguzi, fomu mkononi, akamuuliza: "Unavuta sigara?" Shangazi akajibu hapana, tena kwa mshangao. Muuguzi akatia alama, akaendelea. Na kijaluba kilikuwamo mkobani, kimejaa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku.

Shangazi hakusema uongo. Aliulizwa habari ya moshi, naye maishani mwake hajauvuta. Lakini tumbaku huiweka shavuni kila siku tangu ujana wake, na popoo, hata bila tumbaku, imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa. Fomu ile sasa yamtaja kuwa mtu asiyetumia tumbaku, na daktari atakayeisoma hatakuwa na sababu ya kumwangalia kinywani.

Kuna yanayofichwa kwa haya. Anayetafuna muguka hatalitamka neno hilo mbele ya mavyaa wake, wala aliyeonja shisha hatakiri mbele ya mumewe. Kwa hivyo twaomba mwenye kupimwa aachwe aingie peke yake. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu atunze siri ya anayemhudumia; mavyaa hakutajwa humo.

Na kuna yanayopotea kwa kukisia. "Sukari kidogo tu" ni jibu lisilopimika. Vikombe 4 vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko 3, ni vijiko 12, yapata gramu 50. Hicho ndicho kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asikipite kwa siku nzima, na hapo hatujagusa kaimati. Chumvi nayo isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Lakini nani katika nyumba zetu ajuaye chumvi yake, ilhali chungu ni kimoja na walaji ni 8? Tazameni pakiti: ya nusu kilo, kwa watu hao 8, ikiisha kabla ya siku 12 basi mmevuka mpaka. Hilo mwaweza kumwambia muuguzi bila kubahatisha. Aliyekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla ya kupimwa presha naye aseme, maana kipimo hupanda.

Shangazi tulimrudisha siku ya pili, akinung'unika njia nzima. Muuguzi akaandika upya: tambuu yenye tumbaku, mara 6 kwa siku. Kisha akawasha tochi, akaona doa jeupe ndani ya shavu la kushoto, akampa barua ya kwenda kwa daktari wa meno. Miadi yake ni Jumatano ijayo, inshallah.