UKURASA WA NYUMBANI: Sindano kwanza, cherehani baadaye



Mwezi huu tuzungumze juu ya kushona nguo nyumbani. Wengi wetu husema, "Ningeshona, lakini sina cherehani." Ndiyo maana mtu akipata zamu yake ya likelemba, au mkopo wa kikundi cha akiba, pesa yote inaenda kwenye mashini. Halafu mashini inakaa pembeni imefunikwa shuka, kwa sababu mwenyewe hajajua kukata, na deni linamsubiri kila wiki. Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Sisi tunasema anza na sindano ya mkono. Mkono ukishajua kupima, kukata na kushona mstari ulionyooka, cherehani itakuja kuongeza mwendo tu.

Faida yake tunaijua. Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, lakini sare bado iko juu ya mzazi, na mtoto mwenye sare iliyochanika anaona haya kwenda darasani. Tena tukumbuke mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona. Biashara ya kuvuka kati ya Mpondwe na Kasindi iliyumba, lakini waliojua kushona walishona barakoa za kitambaa. Kazi iliyo mkononi haifungiwi mpaka.

Vitu vya kuanzia

Sindano mbili tatu za mkono, uzi, mkasi mkali, tepu ya kupimia, pini chache, na kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea, maana alama yake hutoka ukifua. Mkasi huo usikate karatasi wala kamba, utakuwa butu upesi. Uzi ukate urefu wa kutoka vidole hadi kiwiko, usizidi sana, la sivyo utafanya mafundo. Upitishe kwenye mshumaa mara moja, utateleza vizuri.

Wiki ya kwanza usinunue kitambaa kipya. Chukua nguo ya mitumba iliyokwisha, ile ambayo hapa Uganda wanaiita mivumba, uifumue pole pole kwa wembe. Angalia mkono ulivyokatwa, kola ilivyokunjwa, pindo limeingia ndani kiasi gani. Nguo ile ni mwalimu asiyedai ada. Vipande vyake vitumie kujifunza mishono miwili: bandi, yaani mshono mrefu wa kushikilia tu, na mshono wa kurudi nyuma, ambapo kila hatua sindano inarudi nusu kabla ya kwenda mbele. Huo wa pili ndio wenye nguvu.

Angalia kipimo cha mpakani

Hapa kuna jambo linalowapoteza watu wengi. Tepu ina pande mbili: upande mmoja inchi 60, upande mwingine sentimita 150. Upande wa Uganda utasikia mafundi wakitaja inchi, na sisi tuliotoka Kongo tumezoea sentimita. Vitenge navyo huuzwa kwa yadi, na kwingine kwa mita. Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo, mita ni sentimita 100. Hizo sentimita 9 zinaonekana kidogo, lakini tazama zinavyofanya hapa chini. Ukiwa sokoni Bwera au Kasese mjini, uliza kabla ya kulipa: "Hii ni yadi au mita?" Halafu nenda na tepu yako.

Nguo ya kwanza: sketi ya mtoto

Tuchukue msichana mwenye kiuno sentimita 54, na urefu kutoka kiunoni hadi magotini sentimita 40.

1. Fua kitambaa kwanza, ukianike. Kitenge cha pamba hurudi, yaani hupungua kikifuliwa. Ni afadhali kirudi kabla ya kushonwa.

2. Urefu wa kukata: 40, ongeza 4 za kupitisha lastiki, ongeza 3 za pindo la chini. Jumla 47.

3. Upana: kiuno mara mbili, yaani 108. Vitenge vingi vina upana wa karibu 115, kwa hiyo tumia upana wote. Kingo mbili za kiwandani zikutane kwenye mshono wa nyuma, hizo hazifumuki.

Sasa rudi kwenye hesabu ya yadi. Sketi mbili zinataka sentimita 94. Kwenye mita moja zinatoka mbili, ikiwa kitambaa hakikurudi sana. Kwenye yadi moja inatoka moja tu, na kipande kinachobaki ni kifupi. Basi usikate kabla hujapima tena kile kilichofuliwa. Mkasi hauna msamaha.

4. Unganisha kingo mbili, upande mzuri ukiwa ndani. Shikilia kwa bandi, kisha shona kwa mshono wa kurudi nyuma, ukiingia ndani sentimita 1 na nusu.

5. Juu, kunja 1, halafu kunja 3, ushone, ukiacha tundu la vidole viwili. Lastiki ya upana wa sentimita 2 ikate hivi: kiuno toa 4, ongeza 2 za kuunganishia, ni 52. Ipitishe kwa pini ya nepi, unganisha ncha zake, ziba tundu.

6. Chini, kunja 1, halafu 2, ushone. Piga pasi ya mkaa, ila futa majivu kwanza.

Kwa sare ya shule, usiweke pindo la sentimita 3. Weka 6 au 7. Mtoto akikua, unafumua na kushusha, na sare inasogea mwaka mwingine.

Siku ya kununua cherehani

Ukishashona nguo tano zinazovalika, sasa fikiria mashini. Kama ni iliyotumika, nenda na mtu anayeijua. Zungusha gurudumu kwa mkono bila uzi, usikilize kama kuna kukwaruza. Kisha shona kwenye kitambaa ulichotoka nacho nyumbani, kilichokunjwa mara mbili, usikubali kitambaa cha muuzaji peke yake. Geuza uangalie chini. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, mara nyingi uzi wa juu umelegea au haukupitishwa sawasawa. Mwambie akaze, ujaribu tena. Hakikisha bobini na kikombe chake vipo, na kwamba sindano zake zinapatikana sokoni. Kwa kitenge, sindano namba 14 inatosha. Kwa jinzi, namba 16. Mafuta ni ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda ndani na kuikaba.

Anayetaka kuanza asianze peke yake. Kaeni watatu wanne, mkasi mmoja mzuri, tepu moja. Mama wa Kinande kutoka Beni au Butembo na mama wa Kikonjo wa Bwera wanasikilizana lugha. Fundi jirani ataonyesha bila mkalimani. Akina baba nao wakaribie, sindano haichagui mkono.

Mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kugeuza kola ya shati iliyochakaa. Hadi wakati huo, wekeni kando nguo moja kuukuu ya kufumua.

Tunawatakia kazi njema.